Ndoo

Duluth, Ijumaa, siku ya pili ya Shukrani.
Theluji imefika kizingiti cha dirisha
na sinki limejaa maji ya kijivu
yenye macho ya mafuta ya bata mzinga.

Ardis anabonyeza swichi.
Kinu kilicho chini ya sinki kinaguna tu,
mmmmm, kama mzee aliyekumbushwa deni,
kisha kimya.

Fundi, kwenye simu, anataka dola mia tatu na kumi
na hafiki kabla ya Jumatatu.
"Mia tatu na kumi," Ardis ananiambia,
kana kwamba mimi ndiye fundi.

Nilikuwa. Miaka thelathini na minne
nilizibua mji huu, hoteli, hospitali, kanisa la Kilutheri,
nikatoa matambara, meno ya bandia,
na safari moja kobe mdogo, mzima wa afya.
Sasa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa jiko,
mkono wa kulia umelala mapajani kama paka wa mtu mwingine.
Na maneno, tangu kile kiharusi cha Aprili,
nayaona yote yamepangwa rafuni,
ila nikinyoosha mkono nashika la jirani yake.
Nikitaka chumvi nasema Jumanne.

Basi anajifanyia mwenyewe.
Anashuka kuzima umeme, ngazi kumi na tatu,
namsikia akizihesabu kwa ajili ya goti lake.
Anarudi na sanduku langu la vyuma,
analifungua kama barua isiyo yake.

Analala chali, kichwa kabatini,
soksi za sufi zimetoboka kisigino.
Spana ya pembe sita inaingia tundu la kitako cha kinu:
kushoto, kulia, kushoto.
Krrk.
Kokwa ya cheri.
Anaitoa kwa koleo, si kwa vidole;
hilo nilimwambia mwaka tisini na moja.
Kitufe chekundu. Umeme. Ngazi kumi na tatu tena.

Kinu kinazunguka. Maji hayaendi.

Ni maganda ya viazi, Ardis. Ratili kumi za viazi
ulizomenyea watu wanne,
mkono wako ungali unapikia nyumba iliyojaa.
Yakisagwa huwa gundi. Yamekaa kwenye kiwiko cha bomba.
Yote haya nayasema. Yanatoka: "Kengele. Kengele, kengele."
"Najua," anajibu, na kweli anajua:
anatega ndoo ya bluu, analegeza nati mbili,
na uji unashuka, mzito, wa kahawia,
wenye nyuzi za seleri na harufu ya karamu iliyooza.
Mabega yake yanatikisika. Anacheka au analia,
kichwa kimo kabatini, siwezi kujua.

Anasimama. Ndoo imejaa.
Anatazama huku na huku,
anainyanyua,
anaelekea sinki.

Sinki, Ardis. Sinki ulilolikata koo sasa hivi.

Kosa hili nalijua. Kila fundi amelifanya mara moja
na hakuna anayelisimulia.
"Jumanne!" napiga kelele. "Kengele! Jumanne! Ka..."

Anamimina.

Kwa sekunde moja maji yanazunguka, yanashuka kwa adabu,
kisha yanatokea kabatini,
sabuni, sponji, mkeka, soksi.

Na hapo ndipo, baada ya miezi saba,
neno linakuja lenyewe, zima, limevaa viatu.
"Ndoo," nasema.

Ananigeukia. Ganda moja limemnata shavuni.
"Orrin," anasema, "sasa ndiyo unaniambia?"

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwa na taulo sita.
Tumezoa mpaka saa tisa, yeye kwa magoti,
mimi kwa mguu mmoja mzuri nikisukuma taulo.

Nati ya kushoto bado inavuja, tone moja kwa dakika.
Anasema ataikaza kesho.
Ndoo tumeiacha palepale chini yake,
na kila nikipita na kiti changu
naiita kwa jina.